Picha ya kichwa imetoka safi. Kwa hiyo?

Najua nimewatupa karibu mwezi mzima. Kazi ya kuandika habari za watu wengine inakumaliza nguvu za kuandika zako mwenyewe. Ila leo nina jambo limenikaa rohoni, na linahusu eksirei ya kichwa. Ndiyo, eksirei. Usikimbie, siyo la madaktari peke yao.

Gazeti lilinituma Segese. Kwa wale wa Dar mnaodhani Tanzania inaishia Kibaha, Segese ni kata katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga. Ni halmashauri hiyo hiyo yenye mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Mimi nilifuata habari za wachimbaji wadogo: maduara, makarasha, bei ya dhahabu. Ukanda ule mzima mpaka Geita, kijana ambaye hayumo shimoni utamkuta juu ya pikipiki. Kazi zote mbili zinahatarisha kichwa. Shimoni jiwe linakudondokea, barabarani unadondoka wewe.

Nikiwa huko nikapelekwa kwenye msiba wa bodaboda mmoja. Jina lake naliacha. Alianguka jioni, helmeti hakuvaa, akazimia kidogo, akaamka, akawa anaongea na kutaniana na wenzake. Wakampeleka hospitali (nayo siitaji), akapigwa picha ya kichwa, wakaambiwa picha ni safi. Akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani kulala. Asubuhi hakuamka.

Baba yake mdogo alipojua mimi ni mwandishi, akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki.

"Mwanangu, wewe umesoma chuo kikuu. Hebu tazama hii. Wametuambia ni safi. Sasa kama ni safi, kimemuua nini?"

Nikaiinua picha juani. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma yetu: "Mzee, usiulize nini. Uliza nani." Na macho ya watu kadhaa yakageukia nyumba ya bibi mmoja jirani.

Kama unaijua Shinyanga, unajua maneno kama yale yanaweza kuzaa nini. Vikongwe wameuawa kule kwa kushukiwa uchawi, wengine ushahidi wenyewe ni macho mekundu tu. Macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia wajukuu!

Basi nikaeleza nilichokuwa nakijua, mwenyeji wangu akitafsiri kwa Kisukuma. Niliporudi mjini nikasoma zaidi. Haya ndiyo mambo yenyewe.

Eksirei ni kivuli. Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen kule Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Hakujua ni kitu gani, akaiita X, kama ile x ya hesabu tuliyohangaika nayo sekondari. Mwezi uliofuata akapiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 akapewa Nobeli ya kwanza kabisa ya fizikia.

Kanuni yake ni rahisi. Mionzi inatoka upande mmoja wa mwili, inapokelewa upande wa pili. Mfupa una kalsiamu, unaizuia sana, kwa hiyo unatokea mweupe. Hewa inaiachia ipite, inatokea nyeusi. Tatizo ni vilivyo katikati. Ubongo, damu na maji yanayouzunguka ubongo vinaizuia mionzi karibu sawasawa. Kwenye picha ya kawaida vyote vinakuwa ukungu mmoja, tena umefunikwa na mfupa mbele na nyuma. Ni sawa na kukagua chungu kwa nje ili ujue kama maharage yameungua. Ufa wa chungu utauona. Maharage hutayaona.

Hata huo ufa wenyewe una kazi. Fuvu lina mifupa 22, na picha moja inailalisha yote juu ya karatasi moja. Ndiyo maana hupigwa picha zaidi ya moja, walau ya mbele na ya ubavuni. Ndiyo maana pia mpiga picha anakusumbua na kidevu chako, inua, shusha, akitafuta mstari kati ya pembe ya jicho na tundu la sikio ukae sawa. Hereni, vibanio, wigi, meno ya bandia na hata hirizi ya shingoni, toa, maana vyote vinaacha vivuli. Halafu fuvu la kila mtu lina mishono ya asili inayokwenda kwa kupindapinda, na mikondo ya mishipa ya damu inayotawanyika kama matawi. Ufa wa ajali mara nyingi umenyooka na ni mweusi zaidi. Asiye na uzoefu anavichanganya.

Pembeni ya picha kuna herufi ndogo ya madini ya risasi inayoonyesha kulia au kushoto, na jina la mgonjwa. Usiyadharau hayo. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa baadaye alifariki. Nchi nzima ililia. Hata mashine nzuri kiasi gani haimsaidii mtu ikiwa jina halikusomwa.

Turudi kwa damu. Mtu anaweza kuwa na ufa na ubongo ukawa salama, na anaweza asiwe na ufa wowote lakini mshipa umekatika ndani. Damu inajikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo. Fuvu halitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo. Katika kipindi hicho mgonjwa anaweza kuongea vizuri kabisa, akacheka, akaomba ugali. Saa chache baadaye anasinzia, na usingizi huo siyo usingizi.

Zamani madaktari walibahatisha kwa ujanja. Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo kwa watu wazima wengi huota chokaa na kuonekana kwenye eksirei. Wakiikuta imesogea pembeni, walijua kuna kitu kinaisukuma. Mambo yalibadilika tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa CT skani ya ubongo London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 akapata Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. CT nayo inatumia eksirei, ila inazunguka kichwa na kompyuta inakikata vipande kama mkate. Hapo damu inaonekana. Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2003 uliifanya CT kuwa kipimo cha kwanza kwa majeruhi wa kichwa wenye dalili za hatari, siyo eksirei ya fuvu.

Kwetu, kwa mkopo wa IMF wa mwaka 2021, serikali ilinunua CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nampongeza aliyeamua hivyo. Lakini kutoka kijijini Msalala usiku, bila gari na bila hela, hospitali ya rufaa ni safari. Kwa hiyo dalili ndizo CT ya maskini: kutapika tena na tena, kichwa kuuma kwa kuzidi, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani na masikioni, mkono au mguu kulegea. Ukiona mojawapo, usingoje kuche. Na aliyezimia hata dakika moja asiachwe alale peke yake.

Mzee wa Segese alinielewa. Akarudisha picha kwenye bahasha, akawaambia vijana waliokuwa pale: "Mmesikia? Damu ilivujia ndani." Hata hivyo mwenyekiti wa kitongoji alishauri yule bibi akakae kwa binti yake kwa muda. Jioni ile nilimwona akiondoka na kifurushi kichwani. Kisa, neno moja tu: safi.

Ndugu zangu wa hospitalini, nawaheshimu sana, mnafanya kazi ngumu na vifaa vichache. Lakini semeni "mfupa haujavunjika, ndani hatujaona, mwangalieni usiku kucha." Hayazidi nusu dakika. Na wewe unayesoma hapa, siku ukipeleka mtu, uliza: picha hii inaonyesha nini, na haionyeshi nini? Wengi wetu tunaona aibu kumuuliza daktari. Aibu hiyo inatumaliza.

Haya, mnasemaje? Siku njema, na helmeti ikae kichwani, siyo kwenye usukani.