Ukweli wa Gari la Kale

Ukitembea Kariakoo kwa nusu saa tu, kuna neno utakalolisikia mara kumi: "ori". Muuza viatu atakuapia kwamba kiatu chake ni ori. Muuza simu naye atasema hivyo hivyo. Ukivuka kwenda Gerezani, muuza spea atakutolea boksi lenye nembo inayong'aa akuambie, "Hii ori, mzee wangu, siyo Taiwani." Neno limekuwa kama chumvi, hakuna chungu lisimoingia. Lakini mwulize anayelitumia lina maana gani, na utaona kwamba kila mtu ana maana yake. Kwa mmoja ni kitu kilichotoka kiwanda kile kile kilichoandikwa juu yake. Kwa mwingine ni kitu kigumu kisichovunjika upesi. Kwa wa tatu ni sababu tu ya kupandisha bei.

Mimi nimelazimika kulifikiria neno hili kwa sababu ya mirathi. Marehemu baba yetu alituachia, pamoja na mambo mengine, gari dogo aina ya Volkswagen 1300, lile lenye mgongo wa kobe, modeli ya mwaka 1966. Tuko watoto watatu, na gari haligawanyiki kama shamba. Kikao cha ukoo kikaamua liuzwe. Na anayeuza gari la kale huulizwa swali moja kabla bei haijatajwa: je, ni la asili?

Gari lenyewe si adimu kwa hesabu. Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kuvuka idadi ya magari milioni 15, na la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003, yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 21. Umbo lake halikubadilika sana katika miaka yote hiyo, hivyo kifaa cha mwaka huu mara nyingi hukubali kukaa katika gari la mwaka ule. Jambo hilo ndilo lililoyaokoa magari haya katika nchi zisizo na spea, na ndilo pia linalomtia mashakani mtu anayeuliza habari za asili.

Ukaguzi huanzia kwenye namba. Namba ya chesisi imepigwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Ya gari letu inaanza na 116: 11 ni aina ya gari, 6 ni modeli ya mwaka 1966. Kiwandani modeli mpya ilianza kila Agosti, kwa hiyo gari la modeli ya 1966 laweza kuwa limeundwa mwishoni mwa 1965. Namba ya injini iko kwenye mwili wa injini yenyewe, chini ya kibao kinachobeba dainamo, na hutanguliwa na herufi. F ni injini ya 1300, H ni ya 1500, D ni ya 1200. Kwenye kifuniko cha nyuma cha gari letu kuna beji ya 1300. Ukifungua kifuniko hicho, injini inasema D.

Baada ya namba unakuja mwili. Magurudumu ya modeli hiyo yana bolti tano, si nne kama yale yaliyokuja baadaye. Mafuta hujazwa chini ya boneti ya mbele, si kwa kidirisha cha ubavuni. Umeme wake wa kuzaliwa ni wa volti 6. Letu ni la volti 12, kwa kuwa betri na balbu za volti 6 zilikuwa zimepotea madukani. Kisha unagonga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: bati hulia, puti hunyamaza. Mwisho unalala chini na kutazama mifereji miwili ya bati iliyo chini ya milango. Wajerumani waliiweka ipitishe hewa ya moto ya kuwapasha abiria, jambo ambalo hakuna mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kulihitaji. Lakini mifereji hiyo hiyo ndiyo inayoshika bodi isilegee, na chumvi ya pwani yetu huila kimya kimya. Hivyo katika mji wa joto gari hufa kwa sababu ya hita.

Tulipomaliza kukagua, hukumu ilikuwa wazi: chesisi ya asili, milango na boneti za asili, injini si yake, umeme si wake, na madigadi ya mbele kushoto haikutoka Ujerumani kabisa. Imefuliwa kwa nyundo Gerezani kwa bati la pipa. Ukiigonga hulia sauti nzito kuliko wenzake.

Mtu wa mbali angeyaita hayo makosa. Mimi nina daftari la baba. Aliandika kila tengenezo, tarehe na gharama, kwa mwandiko wa karani. Ni historia ya nchi iliyoandikwa kwa vifaa vya gari. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na hata mwenye shilingi zake mfukoni hakupata cha kununua. Mafuta yalikuwa ya kubana, na magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika ukurasa wa mwaka 1981 baba ameandika: "Injini imekufa. Imepatikana ya 1200 kutoka gari lililogongwa. Kadi imerekebishwa." Maneno machache, lakini nakumbuka yalichukua miezi saba. Madigadi ya pipa ni ya mwaka 1983. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, milango ikaanza kufunguka, na baadaye magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yakajaa mjini. Majirani wakanunua. Baba akabaki na lake.

Sasa akaja dalali. Alikuwa na mnunuzi mwenye pesa, lakini mnunuzi alitaka injini ya F. Dalali hakuona tatizo. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa: herufi na namba za sasa zingesagwa kwa grenda, kisha zingepigwa nyingine zenye F mbele, na kadi "ingeshughulikiwa". Bei ingepanda karibu nusu. "Mzee wangu," alisema, "gari litakuwa ori kabisa."

Nilimweleza dada yangu. Yeye ni mjane, na watoto wake wawili wako chuoni. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, hiyo ni herufi moja tu. Ada ni mbili." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba mtu mwenye huruma angekuwa nalo. Si vigumu kuisifu kweli wakati gharama yake inalipwa na mwingine.

Jibu langu lilikuja polepole, nikipita Kariakoo. Soko lile lilianza kama jengo la Wajerumani. Waingereza wakalitumia kwa wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, Carrier Corps, ambao jina lao ndilo tulilolilainisha likawa Kariakoo. Jengo hilo likaondolewa, na mwaka 1975 likafunguliwa lile la msanifu wetu Beda Amuli, lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa. Julai 2021 likaungua, na likaja kutengenezwa upya. Hakuna aliyesema kwamba Kariakoo si Kariakoo tena. Lakini pia hakuna aliyepaka masizi ukutani ili kudai kwamba moto haukuwako. Kutengeneza ni kuendeleza maisha ya kitu. Kughushi ni kuyafuta maisha hayo na kukitungia mengine.

Kwa kipimo hicho, madigadi ya pipa ni halisi. Haijidai kuwa ya Wolfsburg. Sauti yake yenyewe inakiri. Injini ya D ni halisi, maana kadi inaitaja na daftari linaieleza. Kitu pekee ambacho kingekuwa cha bandia katika gari lile ni ile F, iliyokusudiwa kulifanya la asili. Na nani angekuwa ameghushi? Si dalali, kwa kuwa jina lake halimo katika hati ya mauzo. Tungekuwa sisi, watoto wa mtu aliyeandika "Kadi imerekebishwa" katika mwaka ambao angeweza kunyamaza na asiulizwe na yeyote.

Nilimwandikia mnunuzi mambo yote, na injini nikaitaja kwanza. Alishukuru kwa adabu, akajitoa. Tukakubaliana kwamba mimi nilichukue gari kwa bei ya gari lenye injini ya D, na niwalipe wenzangu mafungu yao kidogo kidogo. Fungu la kwanza la dada lilikwenda kwenye ada, nalo halikutosha. Alikopa kilichobaki, na hajaacha kunikumbusha. Sibishani naye, kwa sababu anasema kweli pia.

Daftari limebaki katika droo ya gari, na mimi ndiye ninayeandika sasa. Juzi nimebadilisha kebo ya klachi kwa kebo niliyoinunua Gerezani. Boksi lilikuwa na nembo ya Kijerumani. Kebo yenyewe haikuwa na nembo yoyote. Nimeandika tarehe, bei, na neno moja: "Haijulikani."