Maduka ya vinyago Bagamoyo: tunamuuzia mgeni nini?

Anayetoka Kiwangwa kwenda Bagamoyo kwa barabara ya Msata huanza safari yake katikati ya mananasi. Mafungu yamepangwa kando ya lami, muuzaji ameketi nyuma yake, na mashamba yaliyoyazaa yanaonekana kwa macho. Mnunuzi anajua anachonunua, kimetoka wapi na kimelimwa na nani. Ukishavuka Mto Ruvu, ukaingia mjini na kuelekea Mji Mkongwe, biashara inabadilika sura.

Huko ndiko yaliko maduka ya vinyago. Mgeni hulitazama Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, hupita Caravanserai, kituo cha misafara iliyotoka bara, husikia kwamba mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, kisha hutafuta kitu cha kumkumbusha safari yake. Katika rafu anakuta twiga na simba wa mti, sura za kutisha za kutundika ukutani, shanga, bangili, michoro ya rangi kali, na fulana zilizoandikwa “Hakuna Matata”.

Hivi karibuni niliongozana na wageni wa msikiti wetu katika maduka hayo. Mmoja wao aliuliza swali jepesi: katika vyote hivi, kipi ni cha Bagamoyo? Tulizunguka kwa muda mrefu na jibu halikupatikana upesi.

Vinyago vya Kimakonde asili yake ni kusini, Mtwara na kaskazini ya Msumbiji. Michoro ya Tingatinga ilianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Shanga zile ni za Wamasai. Ama “Hakuna Matata”, maneno hayo yalienezwa kwa watalii na wimbo wa kundi la Them Mushrooms la Kenya mwaka 1982, kisha na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Kampuni ya Disney ikayasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana. Mtu wa pwani ya Mrima akitaka kukutuliza hukwambia “hamna shida”, na maneno hayo hayamo katika fulana yoyote niliyoiona.

Hili si la kuwabeza Wamakonde, Wamasai wala wachoraji. Kila sanaa ina heshima yake kwao. Kinachosikitisha ni kwamba mji wenye historia ndefu hivi unamwaga mgeni bila kumpa chochote chake, na watoto wetu wanaopita hapo kila siku wanajifunza kwamba kilicho chao hakina bei.

Liko pia jambo la uaminifu. Inajulikana katika biashara hii kwamba mti mwepesi hupakwa kiwi ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo, na sura iliyochongwa juzi hupakwa tope ikaitwa ya kale. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu uliofichwa chini ya ile iliyokauka. Alimkemea mwenye mali na kumtaka auweke unyevu juu, watu wauone. Hukumu hiyo inamhusu muuza vinyago kama inavyomhusu muuza mchele, hata kama mnunuzi ni mgeni asiyerudi tena.

Adhuhuri tuliswali pamoja na kijana mmoja mwenye duka. Baada ya swala nilimwuliza kuhusu zile sanamu. Alinijibu kwa adabu: “Ustadhi, hukumu ya sanamu naijua. Lakini mgeni haingii kwangu kutafuta mkeka, anamtaka simba. Na kodi ya fremu haingoji.”

Kauli hiyo haijibiwi kwa kukunja uso. Wanazuoni walio wengi wanazuia sanamu za viumbe wenye roho, na hilo halifichiki. Lakini tukumbuke namna Ibn Abbas (r.a.) alivyomjibu mtu aliyemjia akisema kwamba riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Alimweleza makatazo, kisha hakumwacha hivihivi. Alimwonyesha njia: kama huna budi, tengeneza miti na visivyo na roho.

Wachongaji wa pwani hii waliifuata njia hiyo zamani. Tazama milango ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo: maua, majani yanayotambaa, minyororo, misumari ya shaba. Hakuna simba aliyehitajika ili mlango upendeze, na watalii wanaipiga picha milango hiyo kila siku. Fundi anayejua kuchonga twiga hashindwi kuchonga fremu ya kioo kwa nakshi za mlango, sanduku dogo, au marufaa ya kuwekea Msahafu. Nazo kofia za viua zilizoshonwa kwa mkono, mikeka ya ukindu, kawa za kufunikia chakula, na kanga yenye jina lake na maana yake, vyote ni mzigo mwepesi wa kubeba safarini.

Wajibu huu si wa wenye maduka peke yao. Wanawake wetu vijijini wanasuka, lakini kazi yao inaishia sebuleni na msibani kwa kuwa hakuna anayeipeleka mjini. Kamati za misikiti na vikundi vya akina mama vinaweza kumtafuta mwenye duka mmoja, wakakubaliana naye bei, wakampa mikeka kumi aijaribu. Kijana yule alisema yuko tayari, mradi asilipie mzigo kabla haujauzwa. Jambo hilo nimelipeleka mbele ya kamati yetu, na wasukaji wawili wamekwisha kujitokeza.

Nanyi wazazi mtakaowapeleka watoto Bagamoyo wakati wa Idi, msiishie ufukweni. Fikeni Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini ya mji, muwaonyeshe magofu ya msikiti ambao chimbuko lake linarejeshwa karne ya 13, mihrabu yake, na makaburi ya nguzo yaliyowahi kupambwa kwa bakuli za China. Kisha mkiingia dukani, mwulizeni muuzaji mbele ya watoto: hiki ni mti gani, na kimetengenezwa wapi? Mwenye kujibu kweli, nunueni kwake.