Barua kwa mpwa wangu aliyebaki Uvira, Kongo

Ujiji, Kigoma
Machi 2025

Mpwa wangu Bahati,

Mama yako na wadogo zako wamefika salama. Naanza na hilo maana najua ndilo utakalolitafuta kabla ya lingine lolote. Mdogo wako wa mwisho alishuka botini akiwa na homa. Tumempima, ni malaria, amemaliza dawa na sasa anawasumbua kuku wa jirani. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula. Mfungo umeingia, na kila tukikaa kufuturu anauliza kama na wewe huko umepata hata uji.

Amenieleza kwamba ulimfikisha ufukweni, ukampandishia mizigo, kisha ukakataa kupanda. Ulimwambia umejiandikisha Msalaba Mwekundu hapo Uvira, na kwamba hutaondoka wakati watu wanaingia mjini kutoka Kamanyola na Luvungi bila hata sufuria. Ameniomba niandike barua ya kukurudisha. Yuko hapa pembeni yangu anachambua mchele, na kila nikiinua kalamu ananiuliza nimefika wapi. Basi na aisikie pamoja nawe: sitakuita urudi. Nikiwa na umri wako nami nilifanya kazi hiyo hiyo, na aliyenilea hakunizuia. Lakini ukibaki, utabaki kwa masharti ya mjomba wako.

Utaona kwamba humu simtaji mwenye bunduki hata mmoja, wala wa upande huu wala wa ule. Vita vilivyofika Bukavu katikati ya Februari unavijua kuliko mimi, na barua inayosafiri kwa boti hupita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Tabia hiyo niliipata Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Mwaka 1996 vita vilipowaka upande wenu, watu walivuka ziwa kutoka Fizi na Uvira kwa mitumbwi na maboti, na kambi hiyo ikafunguliwa kule Kasulu. Nilikuwa mwalimu kijana, likizo zangu nikazitoa kwa Msalaba Mwekundu. Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kupeleka karatasi. Mtu aliyepotezana na mkewe au mama yake huandika habari za nyumbani kwenye fomu. Fomu ile haifungwi kwa gundi, na yeyote anaweza kuisoma. Mambo ya siasa na ya majeshi hayaruhusiwi ndani yake. Huandikwa nani mzima, nani mgonjwa, nani amejifungua, tuko wapi. Karatasi hizo zilipita vizuizini kwa sababu kila aliyezifungua hakukuta cha kumuudhi. Nimeona wazee wakikaa chini ya mti kutwa nzima na mistari minne mkononi.

Kisha ukaja mwaka 2015, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Warundi walikimbia vurugu za kwao, wakajazana Kagunga, kile kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa hapo mpakani. Barabara ya gari haikuwepo. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwani. Kipindupindu kikaingia. Kufikia wiki ya tatu ya Mei walikuwa wameugua watu wapatao 3,000, na 31 walikuwa wamefariki. Njia ya kuwatoa ilikuwa MV Liemba, ile meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikichukua kama watu 600 kwa safari. Nayo haikuweza kusogea hadi ufukweni, kwa hiyo mitumbwi ilipeleka watu mpaka ilipotia nanga. Kutoka hapo walikwenda Kigoma mjini, wakapumzika kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi ya Nyarugusu.

Mimi nilipangwa kwenye foleni ya mitumbwi. Kwanza walipita wagonjwa walioruhusiwa na madaktari, wajawazito, wazee wasiojiweza na watoto wasio na wazazi. Wengine walingoja zamu. Siku moja akanijia mfanyabiashara wa mawese kutoka Rumonge, Burundi, mtu niliyekula naye miaka mingi hapa Ujiji. Alikuwa na mkewe na watoto wake, wote wazima. Akaniomba kwa sauti ya chini niwapitishe. Nilimkumbatia, nikawapa watoto maji, nikamrudisha nyuma ya foleni. Alinuna, na walioketi karibu waliona yote.

Kesho yake madaktari wakataka wanaoharisha watengwe na kupelekwa hemani. Kina mama walikuwa wakiwaficha watoto chini ya kanga, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba anayeingia hemani hatoki. Nilipomfikia mama mmoja mwenye mtoto aliyelegea, jirani yake akasema jambo kwa Kirundi, na mwenzangu akanitafsiria: “Huyu ndiye aliyemnyima rafiki yake. Mpe mtoto.” Nikapewa. Mtoto akatundikiwa dripu, na baada ya muda akaanza kulia kwa nguvu, jambo ambalo wauguzi hulifurahia. Rafiki yangu alisafiri zamu yake ilipofika, na urafiki wetu ukaendelea.

Bahati, shika neno hili kabla ya mengine yote. Watu wa vitani hawakupimi kwa ukubwa wa gunia ulilobeba. Gunia wanajua si lako. Wanatazama unamnyima nani. Wakiona unamwambia ndugu yako “subiri,” watakuruhusu uingie ndani mwao, wataamini dawa yako, watakupa mtoto. Wakiona wa kwenu wanapita mlango wa nyuma, hata maji yako watayanusa kwanza.

Na hapo Uvira mtihani huo utaupata mapema. Mji wenu una Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge na wengine, na una vidonda vya miaka mingi ambavyo vita hivi vimevitonesha. Kuna watu watakaokusogelea na kukunong'oneza kwamba familia fulani isiandikwe kwa sababu ya lugha yake au sura yake. Andika jina. Kiu haina kabila. Anayetangulia ni mwenye shida kubwa zaidi, na shida hiyo uipime kwa macho yako na kwa maswali, usiipime kwa uvumi wa barazani. Vivyo hivyo kwa aliyejeruhiwa na kuweka silaha chini: huyo ni mgonjwa, hata kama wiki iliyopita ndiye aliyewatoa mbio. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema hivyo, na ile misingi saba ya Msalaba Mwekundu iliyopitishwa Vienna mwaka 1965 mmefundishwa bila shaka. Ukariri uwezavyo, lakini ujue utaulizwa misingi hiyo na mtu mwenye njaa, siku ya jua kali, na hatakuuliza kwa utaratibu wa darasani.

Ulimi wako nao uwe na mlango. Unapita sehemu ambazo wengine hawapiti, kwa hiyo kila kizuizi kitataka kukuuliza ulichokiona kwenye kizuizi kilichotangulia. Jibu lako liwe moja siku zote: “Tumepeleka maji, tumechukua wagonjwa.” Simu ibaki mfukoni. Usipige picha ya barabara, wala ya gari la jeshi, wala ya maiti, hata kwa nia ya kuturushia sisi kwenye kundi la familia. Mmoja wetu ataisambaza, na siku ya pili itakuwa imekutangulia kizuizini. Mama yako anatikisa kichwa hapa, kwa kuwa ndiye anayependa kusambaza.

Ile fulana yenye msalaba uivae kazini, ukimaliza uikunje. Usiende nayo sokoni, usimwazime rafiki ili apite salama, usipande nayo gari la askari hata kama mvua inanyesha na njia ni ndefu. Mtu mmoja akiitumia vibaya, wenzake wote wanabaki uchi. Na wanaouawa katika kazi hizi, mwaka hadi mwaka, wengi wao ni wenyeji kama wewe. Wageni huja na kuondoka kwa ndege, ninyi mnabaki na barabara.

Sasa nikupe la kazi. Kipindupindu Uvira mnakijua, hakijawahi kuwaacha muda mrefu, na watu wakisongamana hurudi. Ukiwekwa pale ufukweni kutia klorini kwenye madumu, mnayoyaita bidoni, usichoke kusema wasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Utaonekana msumbufu, vumilia. Pakiti za ORS za kuwanywesha wanaoharisha zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinamshikilia mgonjwa wakati mnamtafutia kituo. Mtu mmoja huhitaji angalau lita 15 za maji kwa siku za kunywa, kupika na kuoga, kwa hiyo familia iliyopewa dumu moja usiiambie imepewa maji ya kutosha. Iambie imepewa dumu moja.

Hilo linanifikisha kwenye ahadi. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari, maghala mengi yamepungua, na watakaolaumiwa si walio ofisini mbali huko. Ni wewe unayesimama mbele ya watu. Usiahidi kitu ambacho hujakiona kwa macho. Kama unga hautafika leo, waambie asubuhi, wakati bado wanaweza kutafuta njia nyingine, usingoje jioni wakiwa wameshinda juani. Mwenye njaa husamehe upungufu, kudanganywa hakusamehe. Na mkipanga saa ya kugawa, waulizeni wanawake kwanza. Wao ndio wanaojua giza linaingia wapi, na ni njia ipi binti hawezi kupita na gunia kichwani.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ukali, na sitalirudia. Mkono unaoshika orodha una nguvu ambayo hujawahi kuwa nayo. Utaletewa kuku, utaletewa pesa, na kuna binti atakayekutazama kwa hofu akidhani jina lake lina bei. Usipokee chochote. Usimguse mtu anayesubiri chakula kutoka kwako. Ukimwona mwenzako akifanya hivyo, umripoti kwa mkubwa wenu siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yako wa tangu utotoni. Nikisikia tofauti, mwanangu, usinitafute mimi kukutetea.

Na wewe mwenyewe ni kiumbe. Mtembee wawili wawili, na ofisini wajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Usiku lala. Siku utakayobeba maiti, andika kwa makini alipokutwa, nguo alizovaa na alama alizokuwa nazo, maana kuna mama mahali fulani atakayeuliza hayo hata baada ya miaka. Kisha ukae na mwenzako mzungumze mliyoyaona, wala usione haya kulia. Sisi tuliokaa kimya tulikuja kuongea ndotoni, na wake zetu ndio waliotusikiliza. Ukizidiwa na kazi ya juani mwezi huu wa mfungo, muulize sheikh wako kabla hujaanguka, siku hulipwa.

Najua unadhani unayoyafanya ni madogo kwa vita vikubwa hivi. Ni madogo kweli. Hutamaliza vita kwa dumu la maji, na atakayekuambia kwamba utamaliza anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini vita vitakapokwisha, watu wa Uvira watalazimika kukaa tena mtaa mmoja, na watakumbuka nani aliandika majina yote bila kuruka hata moja. Mji unahitaji vijana wachache wa namna hiyo ili uanze upya. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mama yako ametuma sabuni, dagaa waliokaushwa vizuri, na jozi ya buti za mvua zilizokuwa zangu. Kama zinabana, mpe mwenzako. Kila Ijumaa ututumie ujumbe wa maneno mawili, “niko salama,” hata kwa simu ya kuazima. Mtandao ukikatika, mtafute mtu wa boti. Mama yako hataki maelezo, anataka maneno hayo mawili.

Sharti la mwisho. Siku mkubwa wenu atakaposema ondokeni, uondoke nao saa ile ile. Usirudi nyuma kuchukua kitu, usibaki ili uonekane jasiri. Katika hili sikushauri, nakuagiza, na mama yako ameweka ungo chini kusikia nikiliandika.

Wasalimie wote mnaofanya nao kazi. Waambie wana mjomba Ujiji.

Mjomba wako,
Ramadhani