Buluu ya Tazawa

Nilisimama ufukoni mwa ziwa Tazawa, mkoani Akita, kaskazini mwa Japani, nikatamka neno moja ambalo hadi leo linanirudia: "Safi." Maji yalikuwa ya buluu iliyokolea, yenye kina cha mita 423, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote nchini humo. Karibu na ufuko iling'aa sanamu ya Tatsuko, binti wa hadithi aliyetamani uzuri usiochakaa, akanywa maji ya chemchemi asikate kiu, hata akageuka joka.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwetu ukiona ziwa unauliza samaki. Nikamuuliza mwenyeji wangu, mzee wa rika la baba, hapa wanavua nini. Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia kuhusu kunimasu, samaki aliyekuwa wa ziwa hili peke yake. Mwaka 1940 mto Tamagawa, wenye tindikali ya chemchemi za moto, ulielekezwa ziwani ili makali yake yapungue, umeme uzalishwe na mashamba yapate maji. Kunimasu wakafa wote. Mwaka 2010 walitambuliwa wakiwa hai katika ziwa Saiko, chini ya mlima Fuji, kwa kuwa mayai yao yalipelekwa huko kabla ya maafa. Maji ya mto sasa hupitishwa kwenye mawe ya chokaa, lakini nyumbani kwao bado hawajaweza kurudi.

Niliona haya. Nilikuwa nimesifu nisichokijua, na mzee alikuwa ameniacha nisifu. Pengine ndivyo nilivyowatazama na watu wengi: wametulia, nikadhani wako salama.

Hata hivyo nasita kuwalaumu wale wa 1940. Walitaka mpunga na taa. Na mimi ada yangu ya shule ililipwa na sangara, samaki aliyeletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, akawala furu hata aina nyingi zikatoweka. Nimemla miaka yote, wa mchuzi na wa kukaanga, wala sikuuliza nani alikuwapo kabla yake.

Niliporudi nilimwomba baba anitajie furu aliowavua ujanani. Alianza kuhesabu kwa vidole. Akataja watatu, wa nne jina likamponyoka, akabaki amekishika kidole kile, macho ziwani.