Toronto: Mgeni Asiyepewa Jembe

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jijini Toronto, Kanada, yuko mgeni anayeweza kukaa miaka 5 mfululizo ilhali sheria haimruhusu kuajiriwa kazi yoyote. Mgeni huyo ni mama mzazi wa mwenye nyumba.

Hufikia uwanja wa ndege wa Pearson, ulioko Mississauga, nje kidogo ya jiji. Hakuna ndege iendayo huko moja kwa moja kutoka Nairobi, hivyo hulazimika kubadilisha ndege njiani, pengine Amsterdam au London. Hata saa humchanganya: wakati wa baridi, saa nne asubuhi Nairobi ni saa nane usiku Toronto. Nje ni theluji, na anayempokea ni mjukuu aliyemjua kwa simu tu.

Safari hiyo huanzia kwenye makaratasi. Desemba 2011, serikali ya Kanada ilianzisha viza iitwayo Super Visa, kwa ajili ya wazazi, babu na nyanya wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Hapo awali mgeni aliruhusiwa kukaa miaka 2 kila aingiapo. Julai 2022 muda huo uliongezwa hadi miaka 5. Viza yenyewe yaweza kudumu hadi miaka 10.

Ni jambo jema, lakini masharti si haba. Mwenyeji huandika barua ya mwaliko na kuthibitisha kuwa mapato yake yanawatosha wote nyumbani, mgeni akiwemo. Mzazi hupimwa afya, na sharti awe na bima ya matibabu ya angalau mwaka mmoja, isiyopungua dola 100,000 za Kanada, kwa sababu bima ya umma ya mkoa wa Ontario haimhudumii mgeni. Na kadiri umri unavyosonga, ndivyo bima inavyozidi kuwa ghali.

Kisha huja swali gumu: je, utarudi kwenu? Afisa hutazama jamaa na mali aliyoiacha mzazi nyumbani. Hapo ndipo mjane aliyeuza ng'ombe kumsomesha mwanawe hukwama. Watoto wote wako ng'ambo, na hatimiliki ya shamba ingali kwa jina la marehemu. Kwake yeye, kaburi la mzee ni sababu tosha ya kurudi, lakini kaburi halina cheti.

Basi familia zisingoje hadi mtoto azaliwe. Mirathi ishughulikiwe mapema, na majina katika pasipoti ya mama na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe yalingane. Mama mwenyewe pia aulizwe. Miaka 5 ni ruhusa, si lazima. Huenda akataka kumwona mjukuu akitambaa, kisha arudi kushika jembe lake kabla ya masika.