FOLENI YA NYOTA HAINA MJOMBA

Haya msomaji wangu, foleni wote tunazijua. Ya daladala, ya benki, ya hospitali. Na tunamjua jamaa anayekuja mwisho, anakonyeza jicho, anahudumiwa wa kwanza kwa sababu mjomba wake yuko ndani. Mwenzenu nimefika mahali ambako foleni ipo ila undugunaizesheni hausaidii.

Mahali penyewe ni Sutherland, kamji kadogo katika nyika kame ya Karoo, Afrika Kusini. Kutoka Cape Town ni zaidi ya kilomita 350, na njiani utaona kondoo wengi kuliko watu. Disko sahau. Baridi yake si mchezo, theluji inaanguka. Nje ya mji, kilimani, ipo darubini iitwayo SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005. Kioo chake ni vipande 91 vya pembe sita, vimepangwa mpaka upana unafika kama mita 11. Wageni tunaingia mchana. Usiku ni kazi tupu.

Usidhani wataalamu wanasafiri kuja kuchungulia. Wapi! Mtu yuko zake Poland, India au Marekani, anatuma ombi. Kamati inalipima na kulipa daraja: 0 ni dharura za angani, 1 ni muhimu sana, mpaka 4 ambayo ni ya kujazia nafasi. Usiku mwanafalaki wa zamu anatazama: mwezi upo? Mawingu je? Hewa imetulia? Ndipo anachagua.

Kasheshe ni kwamba SALT haiinuki wala kuinama, inageuka tu kulia na kushoto. Nyota inanaswa ikipita katika ukanda wake, mara nyingi kwa saa moja hivi. Ikishapita, subiri zamu nyingine. Kwa hiyo wa daraja la 1 anayetaka giza safi ataendelea kungoja, na wa daraja la 4 atahudumiwa leo, maana yeye mbalamwezi haimsumbui.

Inauma, hasa kama shahada yako inategemea nyota hiyo na muhula unakwisha. Lakini fikiria utaratibu wa zamani: unapewa usiku wako, unasafiri, mawingu yanatanda, unarudi mikono mitupu. Kwenye foleni hii, usiku mbovu kwako unamfaa mwingine.

Na dharura ikija, kila mtu anapisha. Agosti 2017 ziligunduliwa nyota mbili nzito ajabu zilizogongana, mbali kiasi cha miaka ya mwanga milioni 130. Kesho yake jioni, giza halijakolea vizuri, SALT ilishaelekezwa huko, ikawa miongoni mwa darubini za mwanzo kuuchambua mwanga wake.

Kurukwa kwenye foleni si dhuluma kila mara. Dhuluma ni kurukwa bila kuambiwa sababu. Kule Sutherland sababu iko juu, kila mwenye macho anaiona. Huku kwetu, mjomba anafunga mlango kwanza.