Kufungua Lehemu

Kufunga na kufungua ni ndugu, lakini tabia zao hazifanani. Alehemuye kipuri katika ubao wa saketi huingia mahali patupu. Akitoaye hukuta kazi ya mwingine imekwisha kushikamana, na wajibu wake ni kuitengua bila ya kudhuru kilicho jirani nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mbao kuu za kompyuta nyingi zilikufa kwa ajili ya kapasita zilizotiwa maji mabaya ya kemikali. Vipuri hivyo vya bei ndogo vilivimba vichwa, vikavuja, na kompyuta nzima ikanyamaza. Ubao wa thamani ulitupwa kwa kosa la kijipande kisichozidi ncha ya kidole. Fundi aliyejua kufungua lehemu aliitoa kapasita mbovu, akatia nzima, na mashine ikarudi kazini.

Ugumu wa kazi hiyo umo katika moto. Lehemu ya zamani, yenye bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 katika 100, huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vingi vya umeme, lehemu ya bati, fedha na shaba imeenea, nayo hungoja nyuzi 217 au zaidi. Tena ubao wa kompyuta una matabaka ya shaba ndani yake, na matabaka hayo hunywa moto. Fundi mwenye pupa huona lehemu haijalainika, akavuta kwa nguvu. Mguu wa kipuri hutoka, lakini hutoka pamoja na shaba iliyokuwa imeuzunguka tundu, na njia ya umeme hukatika. Hapo ubao hufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mganga wake.

Dawa yenyewe yaonekana kama kinyume cha akili: atakaye kuondoa lehemu, kwanza huongeza lehemu. Ile mpya yenye risasi huchanganyika na kuukuu, hushusha kiwango cha kuyeyuka, na hupitisha moto upesi. Ncha ya chuma cha kulehemu hugusishwa mguu mmoja, kapasita ikainamishwa kidogo. Kisha mguu wa pili, ikainamishwa upande mwingine. Hivyo kwa zamu, mpaka itoke bila ya kulazimishwa. Tundu husafishwa kwa pampu ya kufyonza, au kwa utepe wa nyuzi za shaba uliopakwa ulimbo, ambao hunywa lehemu kama utambi unywavyo mafuta.

Kipuri kilichotoka huenda jaani, wala hapana akitazamaye tena. Shahidi wa fundi ni ubao uliobaki: tundu safi, shaba nzima, na nafasi iliyo tayari kupokea mgeni.